Barua ya wazi kwa wakubwa wa ATCL: mtumbwi ulio mchangani nao unakula

Mwangaluka wakuu. Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Ndugu Msajili wa Hazina, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, na wewe Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa ATCL, shirika letu la ndege la Air Tanzania, shikamooni wote mnaostahili shikamoo na wengine habari za majukumu. Naandika kutoka Igombe, hapa Ilemela Mwanza, nyuma ya uwanja wa ndege kidogo, sehemu ambayo ndege ikiwa inashuka watoto wanaacha mpira wanaangalia juu. Wajukuu zangu wanazijua zote, ile ya panga panga mbili wanaijua kwa mlio kabla hawajaiona, na ikiwa na twiga mkiani wanapiga kelele "ya kwetu hiyo!" Hilo neno ndo limenifanya nikae chini niandike, maana kama ni ya kwetu basi na hasara ni ya kwetu, na mwenye hasara ana haki ya kuuliza.

Mi sio mtaalamu wa ndege, tuelewane mapema. Nina mitumbwi miwili ya dagaa. Huku mwaloni, yani ufukweni wanapotua wavuvi, mwenye mtumbwi anaitwa tajiri hata kama anadaiwa na muuza mafuta, anadaiwa na fundi injini na bado ada ya shule haijalipwa, kwa hiyo mkisikia naitwa tajiri msije mkanitumia watu wa mapato. Ila kwenye biashara ya chombo kinachobeba watu na kinachokula mafuta nimekaa miaka zaidi ya ishirini, na naona matatizo yenu na yangu ni ndugu, tofauti ni sifuri tu.

Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2023/24, ile iliyotoka Aprili 2025, kijana wangu alinifungulia kwenye simu nikasoma kipande cha ATCL mara tatu. Hasara shilingi bilioni 91.8. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa bilioni 56.64. Yani imepanda asilimia 62 kwa mwaka mmoja, na hapo serikali ilishaweka ruzuku ya bilioni 99.8. Nikachukua kalamu. Bilioni 91.8 ukigawa kwa siku za mwaka ni kama milioni 250 kila siku ya Mungu, Jumapili imo, Idi imo, Krismasi imo. Ukigawa kwa Watanzania wote tuliohesabiwa sensa ya 2022, milioni 61 na ushee, inakuja kama 1,500 kwa kichwa, hata kichanga aliyezaliwa hospitali ya Sekou Toure hapa Mwanza usiku ule wa kuhesabiwa naye anayo 1,500 yake. Na hiyo ni hasara peke yake, ruzuku sijaigusa, ukiigusa unazidisha mara mbili na unapita.

Hapo watu wengi wanaanza kutukana. Mi sitaki kutukana, kwa sababu najua kitu kimoja ambacho watu wa nchi kavu hawakijui vizuri.

Dagaa hatuvui mwezi ukiwa mkubwa. Taa zetu, zamani karabai siku hizi za sola, zinafanya kazi kwenye giza, dagaa anafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima lina mwanga dagaa atakufuata wewe kwa lipi. Kwa hiyo siku zile mitumbwi inavutwa mchangani. Mtu wa mjini akija kula samaki Igombe anaona mitumbwi imelala anapiga picha anasema jamani kumetulia. Wapi. Mtumbwi ulio mchangani unakula! Mlinzi wa injini analipwa, kikundi kilichonikopesha hela ya injini hakijui habari za mwezi, vijana wa kambini wanataka ugali, mbao zinakauka zinaachia nyufa inabidi fundi aje azibe, na kitu kibaya zaidi ni kwamba hauingizi hata shilingi mia ya kufidia hayo yote. Ukiwa majini ukapata kidogo angalau kile kidogo kimelipa mafuta. Mchangani hulipi chochote ila unalipa kila kitu.

Sasa nikasoma historia ya shirika letu kwa jicho hilo, na naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Air Tanzania ilizaliwa Machi 1977 baada ya lile shirika la Afrika Mashariki kuvunjika, Wakenya wakachukua njia yao, Waganda yao, na sisi yetu. Mwaka 2002 tukauza asilimia 49 kwa South African Airways kwa dola milioni 20, ndoa ikadumu mpaka 2006 ikavunjika, tukarudi wenyewe. Mwaka 2008 mwishoni mamlaka ya usafiri wa anga, ya kwetu wenyewe, ikasimamisha cheti, ndege zikakaa chini. Kipindi hichohicho mkakodi Airbus A320 kutoka kwa kampuni ya Wallis Trading, ikaruka muda mfupi, ikapelekwa matengenezo Ufaransa ikakwama huko, na kodi haikukwama, kodi iliendelea kutembea mpaka deni likafika makumi ya mamilioni ya dola. Mnaona sasa? Mtumbwi mchangani. Tena mchanga wa Ufaransa.

Tarehe 1 Machi 2010 hapahapa Mwanza, Boeing 737-200 ilikuwa inatua ikitokea Dar ikateleza ikatoka nje ya njia, gurudumu la mbele likavunjika. Hakuna aliyekufa, Mungu alisaidia, ila ile ndege haikuruka tena. Mwaka 2012 ndege yetu nyingine ndogo, Dash, ikaanguka Kigoma wakati inapaa, nayo wote walitoka hai. Ilipofika 2016 shirika la taifa lenye nchi ya maziwa makuu matatu, mlima Kilimanjaro na Serengeti lilikuwa na ndege moja inayoruka. Moja! Hata mimi nina mitumbwi miwili.

Kwa hiyo Septemba 2016 zile Bombardier mbili zilivyoingia mi nilifurahi, na bado sijutii kufurahi. Zikaja na nyingine, Dreamliner Julai 2018, Airbus A220 mwishoni mwa mwaka huohuo na tukawa wa kwanza Afrika kuwa nazo, ndege ya mizigo Juni 2023, Boeing Max Oktoba 2023, Dreamliner ya tatu 2024, mpaka zikafika 16. Kutoka moja mpaka 16 ndani ya miaka minane sio kazi ndogo na anayesema hamna mlichofanya ni mchoyo tu wa shukrani. Lakini hapohapo ndo penye swali langu. Mimi ningekuwa na mitumbwi 16, swali la kwanza mke wangu angeniuliza kila asubuhi sio una mingapi, angeuliza leo imeingia majini mingapi.

Na huo ndo mwezi wenu wakuu. Hizi A220 zina injini za Pratt & Whitney ambazo zimesumbua dunia nzima, hilo halina ubishi, airBaltic zimewasumbua, Swiss zimewasumbua, EgyptAir waliamua kuuza zote 12 walizokuwa nazo. Kwa hiyo sisemi ni uzembe wa fundi wa Dar. Lakini ndege ya viti 132 ikikaa chini miezi, viti 132 havijauzwa asubuhi, havijauzwa mchana, havijauzwa jioni, na rubani aliyesomea ndege hiyo bado ana mshahara, bima ipo, kodi ipo. CAG naye mwaka hadi mwaka anaandika habari ya ndege kukaa chini kama sababu. Basi niulize kama mtu wa mwaloni: wakati mnanunua chombo, injini ya akiba mlinunua? Maana huku Igombe hakuna tajiri mwenye akili anayeongeza mtumbwi wa tatu wakati miwili ya kwanza inagombania injini moja. Unakopa, unanunua injini ya akiba, unaiweka ndani unaifunika turubai, watu wanakucheka una injini imelala, siku injini ya kazini inakufa saa nane usiku ndo wanaelewa. Na mtengenezaji aliyewauzia injini mbovu anawalipa fidia kiasi gani? Hizo hela zinaandikwa wapi? Mashirika mengine duniani yamelipwa au yamepewa nafuu kwenye madai ya injini hizi. Sisi tuambiwe na sisi.

Halafu kuna kukaa chini kwa aina nyingine ambako kwa kweli nawahurumia. Mwaka 2017 Bombardier imezuiwa Canada kwa deni la mkandarasi wa barabara. Agosti 2019 Airbus imekamatwa Johannesburg kwa deni la mkulima aliyenyang'anywa shamba hapa kwetu miaka ya themanini, mimi hata mtumbwi sijawahi kuota. Novemba 2019 Canada tena. Mwaka 2022 Airbus nyingine ikashikiliwa Uholanzi kwa ajili ya kampuni ya Sweden iliyokuwa na mradi wa miwa Bagamoyo, dola milioni 165 zile. Sasa jamani, barabara, shamba, miwa! ATCL imelima miwa lini? Ndege zinakamatwa kwa sababu zina jina la serikali, ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, nyie ATCL mnazikodi tu. Mwenye deni ni mwingine, mwenye kulala chini ni ndege, na hasara inaandikwa kwenye daftari la ATCL. Hilo Mheshimiwa Waziri na Ndugu Msajili ni la kwenu nyie wawili, msimuachie Mkurugenzi. Siku ndege imeshikwa kwa deni la serikali, serikali ilipe kodi ya siku hizo na viti vyake, iandikwe wazi, ili tukisoma hasara tujue hii ni ya biashara na hii ni ya kesi.

Na hapo ndo nafika kwenye daftari, jambo ambalo ndo nililokaa nalo muda mrefu kuliko mengine yote.

Mwaka fulani nilikuwa naandika mitumbwi yote miwili kwenye ukurasa mmoja. Hela imeingia, hela imetoka, basi. Mwisho wa mwaka nilikuwa nimebaki palepale na sielewi kwa nini maana mtumbwi mmoja, tuliuita Subira, ulikuwa unaleta dagaa mpaka majirani wananuna. Mama watoto, yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, akachukua daftari akapiga mstari katikati, Subira huku, mwingine huku, akasema andika hivi miezi mitatu. Miezi mitatu haikuisha. Subira alikuwa anamlisha mwenzake! Yule wa pili alikuwa anakula mafuta ya safari ndefu kwenda visiwani na kurudi na kitoweo, nahodha ana mke kisiwani huko ndo maana alikuwa hachoki kwenda. Bila ule mstari katikati ningeendelea kumsifia nahodha kwa bidii.

Wakuu, tupigieni mstari. Tunaona namba moja tu, bilioni 91.8, kama bonge la jiwe pale ziwani, huwezi kulizunguka ukalijua. Tunataka ukurasa wa Mwanza peke yake. Ukurasa wa Dodoma. Ukurasa wa Guangzhou, wa Mumbai, wa Dubai, wa Lusaka na Harare. Ukurasa wa ndege ya mizigo. Kila ukurasa useme abiria wangapi, viti vingapi vilienda vitupu, mafuta kiasi gani, safari ngapi zilifutwa. Mtasema ni siri ya biashara, washindani wataona. Sawa, toeni kwa kuchelewa mwaka mmoja, mshindani gani atafaidika na habari za mwaka juzi? Kampuni inayouza hisa pale DSE, soko la hisa la Dar, inatoa hesabu zake kila baada ya miezi na haijafa. Na sisi ni wenye hisa asilimia mia, tena hatujaulizwa kama tunataka kununua.

Kwa nini nang'ang'ania ukurasa wa Mwanza? Kwa sababu kila nikipanda au nikisindikiza mtu, hiyo ndege imejaa. Wafanyabiashara wa Makoroboi wanaenda Kariakoo, watu wa dhahabu wa Geita, wagonjwa wa rufaa wa Muhimbili, watu wa semina ndo usiseme. Basi Mwanza hadi Dar ni kilomita zaidi ya 1,100, unatoka alfajiri unafika usiku miguu imevimba kama umepigwa. Kwa hiyo mtu anajikamua anapanda ndege. Sasa ndege imejaa, nauli sio ya kitoto, halafu mwisho wa mwaka naambiwa hasara. Mi siamini kwamba hasara imetokea Mwanza, ila siwezi kuthibitisha, na nyie mnaoweza hamsemi. Inawezekana sisi ndo Subira. Na inawezekana pia sio, inawezekana mafuta ya ndege yakishapakiwa kwenye lori Dar mpaka yafike huku yamekuwa ghali kiasi kwamba hata ikijaa hailipi. Basi semeni hivyo! Mtu akiambiwa ukweli wa nauli anaweza hata kunyamaza.

Watu wa Mwanza bado wanakumbuka Novemba 2012 fastjet ilivyoanza, safari za kwanza kabisa zilikuwa Dar kuja Mwanza na Dar kwenda Kilimanjaro, tiketi ya chini kabisa ilikuwa 32,000 kabla ya kodi. Kuna mabibi walipanda ndege mara ya kwanza maishani kwa sababu ya ile bei, walibeba sato kwenye ndoo. Ikafika Desemba 2018 imesimama, basi, imeisha. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaodhani dawa ni kushusha nauli tu mtajaza ndege. Ile ilijaza. Mi naomba nauli inayoeleweka, ambayo inaweza kuishi, sitaki ya bure ya miaka michache halafu kiyama.

Na tukiwa hapohapo, sipingi hasara yote. Kuna safari za Mpanda, Songea, Chato huko, ambazo hata ungekuwa malaika huwezi kupata faida, lakini mtu wa Mpanda naye ni Mtanzania na mvua za masika barabara yake anaijua yeye. Hizo serikali iseme wazi: hii ni huduma, tunailipia shilingi kadhaa kwa mwaka, Bunge lipitishe, iingie kwenye daftari kama malipo ya kazi. Mwaka ule wa 2023/24 mlipewa ruzuku ya jumla bilioni 99.8 halafu nani anajua ni ya Mpanda au ya Guangzhou? Ruzuku ya jumla ni kama mimi kumpa nahodha hela bila kuuliza anaelekea wapi. Nimeshasema anaelekea wapi.

Kingine, dola. Tiketi ya Mwanza mnauza kwa shilingi, ila vipuri, bima, matengenezo makubwa, mafuta, vyote vinaimba dola. Shilingi ilivyoyumba 2023 na 2024 najua iliwapiga, maana hata injini zetu za Yamaha zilipanda bei mpaka watu wakarudi kwenye makasia. Dawa ya mtu mwenye matumizi ya dola ni kutafuta mapato ya dola, sio? Basi njooni niwaoneshe dola zilipo.

Zipo kwenye malori ya barafu. Minofu ya sangara inatoka viwandani hapa Mwanza na inaenda Ulaya na kwingine kwa ndege, lakini miaka nenda rudi mzigo mwingi unapakiwa kwenye lori unavuka mpaka, unapandia ndege Nairobi au Entebbe. Ukikatiwa karatasi huko, jirani anapata hela ya kuhudumia, hela ya mafuta ya ndege, hela ya uwanja. Entebbe iko kwenye ziwa hilihili, maji haya ninayooshea miguu ndo yanafika kwao! Zamani hapa yalikuwa yanakuja madege ya mizigo ya Kirusi yanakuja kubeba samaki, mlio wake mpaka mabati yanatetemeka, sio kwamba haiwezekani. Na sasa nyie mna Boeing 767 ya mizigo, inabeba tani 54. Nilivyoona inapokelewa 2023 nikamwambia fundi wangu, sangara amepata gari. Nimesubiri.

Najua kuna kigingi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya waliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwao kwa sababu za usalama, na Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Hii iliniuma kuliko hasara. Hasara unaweza kuirudisha mwaka mmoja mzuri, jina likiingia kwenye orodha ile ni kazi, maana hata yule asiyeenda Ulaya, mwenye bima, mtalii, kampuni kubwa inayotaka kugawana abiria na nyie, wote wanaiangalia. Na wao walichokagua sana ni mamlaka yetu ya usafiri wa anga, uwezo wa kusimamia, kwa hiyo tena Mheshimiwa Waziri mpira uko miguuni kwako, mamlaka iko chini yako. Wakaguzi wangapi wameajiriwa tangu wakati ule? Tunataka kusikia idadi, hatutaki kusikia "tunaendelea na mazungumzo na wenzetu wa Ulaya".

Ila mpaka hapo kigingi kitakapong'oka, sangara haliwi Ulaya tu. Dubai hakuna marufuku. China wanataka mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, kama dhahabu, ukipata mazuri makubwa kilo moja ni hela nzito, haya yanatoka mwaloni kwetu yanapita mikono mitano. Hivi kuna mtu wa mizigo wa ATCL aliyewahi kukaa soko la samaki la Kirumba Mwaloni asubuhi akaongea na wanunuzi? Sikumbuki kumuona. Wanaokuja na makalkuleta ni Wakongo, wanakuja kwa dagaa, wanasumbuka na mizigo hadi Lubumbashi kwa barabara. Pale wapo kila siku.

Mtu atasema mzee unaongea rahisi, mashirika ya ndege yote yanapata hasara. Kweli mengi. Kenya Airways walikaa miaka zaidi ya kumi kwenye hasara, 2024 wakapata faida ya shilingi za kwao bilioni 5.4, watu wakasherehekea, nusu ya kwanza ya 2025 wakaanguka tena hasara bilioni 12, na sababu mojawapo wakasema Dreamliner zao tatu zilikaa chini. Mnasikia? Mchangani! Na Ethiopian ni ya serikali asilimia mia na inapata faida, wana karakana yao, wana chuo chao, wanatengeneza hata ndege za wengine, chombo hakilali. Kwa hiyo kumilikiwa na serikali sio ugonjwa wenyewe.

Malalamiko binafsi ninayo moja na nitaliweka fupi. Kuna siku nilikaa uwanjani masaa sita nasubiri kwenda Dar, shirika silitaji maana yako kadhaa na siku hizi wote mnafanana kwenye kutangaza. Kilichoniudhi sio kuchelewa, hata mi nachelewa, upepo wa ziwani ukiamka hutoki. Kilichoniudhi ni yule binti wa kaunta, mtoto mzuri tu, hakuwa na cha kutuambia kwa sababu na yeye hakuambiwa. Mama mmoja alikuwa anapeleka mtoto kliniki ya moyo, kila baada ya dakika ishirini anaenda kuuliza, anarudi na jibu lilelile. Wavuvi wangu wakikwama kisiwani wananipigia hata kwa simu ya kuazima, tajiri tumekwama, injini imegoma, usitusubiri leo. Hela ya vocha haizidi mia tano.

Mi nachoomba sasa hivi ni vitu ambavyo havihitaji ndege mpya. Kabla ya kusaini chombo cha 17, tuambieni katika hizi 16 ngapi zimeruka wiki iliyopita, bandikeni kila Jumatatu kama TMA wanavyotangaza hali ya hewa ya ziwa. Nunueni injini za akiba, msione aibu kuonekana mna injini imelala. Lile suala la umiliki wa ndege na kodi mnayolipana wenyewe kwa wenyewe, serikali kwa serikali, limalizeni maana mnatuchanganya hesabu. Na ule mstari katikati ya daftari. Huo hata kesho asubuhi mnaweza, ni rula tu.

Nimeandika hii mbalamwezi ikiwa juu ya Ziwa, mitumbwi yangu yote miwili iko mchangani, fundi anaziba Subira na mi nahesabu hela ya misumari, kwa hiyo msidhani nawasema nikiwa nimekaa vizuri. Siku nne zijazo tunaingia majini. Ndugu Mkurugenzi, yule mtu wako wa mizigo akija Mwanza mwambie apite Igombe kabla ya saa tatu asubuhi, dagaa wakishaanikwa kila mtu anatawanyika kwenda kulala. Aulize kwa tajiri wa Subira, ataoneshwa. Aje na daftari lake, mi nitatoa langu.

Wenu,
Tajiri wa mitumbwi miwili, Igombe, Mwanza